Siku moja maishani mwangu: piano, vikombe vya kahawa na ufunguo mmoja mkaidi

Saa 11 na nusu alfajiri. Wanaodhani mpiga piano wa jazi analala mpaka adhuhuri waje Temeke waone. Mwenye nyumba kashasema kinanda mwisho saa 2 usiku, wapangaji wana watoto, kwa hiyo mazoezi yangu ni alfajiri na hedifoni masikioni, ukipita dirishani unasikia tu tak tak tak kama mtu anachapa barua. Leo mkono wa kushoto peke yake, baa nne (vipande vifupi vya wimbo, si zile za bia), dakika 40, polepole mpaka mwili unachoka kuliko kubeba zege. Kodi (chords) za piano nazijua zote, kodi ya nyumba ndo inanisumbua.

Saa 3 asubuhi. Mwanafunzi, miaka tisa, mkono wa kulia ana kipaji, wa kushoto hajui kama yupo. Mama yake anataka apige kwenye harusi ya mama mdogo mwezi ujao. Nimesema tutajaribu, si unajua ukisema hapana ada ya mwezi nayo inasema hapana.

Saa 5 asubuhi. Nimerudi, chai ya rangi, chapati ya jana, nafungua laptop na huyu mzee ambaye wiki nzima hanitoki kichwani, Randy Weston, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Nilimfikia kwa bahati tu, nilikuwa natafuta wimbo wake Hi-Fly (jamaa alikuwa mrefu kupita mita 2, wimbo wenyewe ni dunia inavyoonekana kutoka huko juu) nikaangukia albamu yake Uhuru Afrika. Nikabonyeza. Bwana we, mwanzoni kabisa mtu anaongea Kiswahili! Nikavua hedifoni nikadhani ni redio ya jirani. Kumbe ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anaghani shairi la Langston Hughes, mshairi wa Marekani, studio New York, Novemba 1960, yaani bendera yetu bado mwaka mzima na zaidi haijapanda. Weston alitaka lugha ya kuisemea Afrika nzima akachagua hii yetu. Halafu kipande cha mwisho kinaitwa Kucheza Blues, hilo jina ningekuwa nalo mimi ningekuwa nimeshachapisha fulana. Mpangilio wa ala ni wa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na ngoma zimejaa mle ndani mpaka unamtafuta piano yuko wapi, ye mwenyewe mwenye albamu kajibana pembeni anaacha wengine waongee. Mimi nikipewa bendi kubwa vile nina uhakika ningepiga solo dakika tisa. Afrika Kusini ya makaburu wakaipiga marufuku 1964, muziki ambao maneno yake ni machache hivyo, unajiuliza walikuwa wanaogopa noti gani.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba baba yake alikuwa na mgahawa Brooklyn na yeye mwenyewe kaufanyia kazi, jazi haikumpa kula toka siku ya kwanza. Nikisoma hivyo ile harusi ya mama mdogo hainiumi sana.

Saa 8 mchana. Umeme umekata, naandika kwa penseli. Kuna tuni yangu nahangaika nayo tangu mwezi jana, imetoka kwa muuza kahawa wa kijiweni kwetu, vile anavyogonganisha vikombe mkononi akipita. Sikiliza vizuri siku moja: kidole kimoja kinahesabu tatu, mkono wenyewe unatembea mbili, na havigombani. Hiyo ndo mkono wangu wa kushoto. Melodi ya kulia nimeiandika mara sita nimeifuta mara sita, leo nimeacha noti nne tu kwenye ngazi ya C maina. Nne zinatosha, kama zinaudhi wataniambia.

Saa 10 na nusu. Bajaji mpaka hotelini, upande wa baharini. Saundi cheki. Piano yao ni ya kweli, ya mbao, nzuri kwa macho, ila imewekwa karibu na mlango wa ufukweni na unyevu unaingia wee, vile vitambaa vidogo vinavyoshika pini chini ya ufunguo vinavimba. Leo ufunguo wa noti ya E-flati ya katikati ukiubonyeza unashuka na haupandi. Nimeomba drayer saluni ya humohumo, nimefungua kifuniko nikaupulizia joto robo saa, wageni wananiangalia kama namkausha mtu nywele. Ukapanda.

Saa 1 usiku. Seti ya kwanza ni za kula chakula, hakuna anayesikiliza na sidai. Seti ya pili nikamwambia mzee wa besi, tupige ile ya kahawa.
"Ya C maina?"
"Hiyohiyo mzee."
Baa ya nane hivi, E-flati ikashuka ikabaki hukohuko. Na C maina bila E-flati ni pilau bila bizari. Nikapiga kelele "D!" nikahamia D maina, huko E-flati haihitajiki, mzee akaniangalia kwa jicho la kumfukuza mkwe lakini akaja, dramu wala hakujua kama kuna kilichotokea. Na juu huko melodi ikawa tamu zaidi, siongopi. Ndo tunapanda na utamu wetu, weita kaja sikioni, "kaka, meza ya 7 wana bethidei." Tukapiga bethidei. Kwa D.

Saa 5 usiku. Bahasha ina nusu, nyingine eti Jumatatu.

Saa 6 kasoro. Nimeshuka kituoni, muuza kahawa bado yupo, vikombe vinalia. Nikamwambia kaka, leo nimepiga wimbo wako mbele ya Wazungu.
"Wimbo wangu upi?"
Nikamgongea mezani, tatu kwa mbili. Kasikiliza mpaka mwisho, kichwa kainamisha.
"Umekimbia kidogo," kasema, akanimiminia. "Na vile viwili vya juzi na kashata hujalipa."