Siku moja maishani mwangu: kuendesha kipindi cha siasa cha televisheni Kigoma

Saa 12:00 asubuhi

Kigoma bado giza. Jua la huku huchelewa lile la Dar es Salaam kwa dakika 40 hivi, ingawa saa zetu ni zilezile. Ndiyo maana kipindi kinaruka saa 3:00 usiku: saa 2:00, Dar wameshakaa mbele ya taarifa ya habari, lakini Ujiji ndiyo kwanza wanaingia swala ya Isha. Ukiweka mjadala saa hiyo, nusu ya watazamaji wako wako msikitini.

Mada ya leo ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mezani kuna karatasi za aina tatu: kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, na taarifa ya mapato iliyopelekwa kwenye baraza la madiwani. Kila namba inaandikwa kwenye kadi pamoja na mwaka wa fedha, ukurasa, na aina yake: ni makisio, makusanyo au matumizi? Watangazaji wengi huumbukia hapo. Diwani anataja makisio, mpinzani wake anataja makusanyo, wote wawili wako sahihi, na mtangazaji anawaacha wavutane dakika kumi kwa sababu hakujua tofauti.

Mtego wa pili ni msingi wa hesabu. Asilimia 10 inatolewa kwenye mapato ya ndani, baada ya kuondoa yale yaliyolindwa kwa matumizi maalumu. Ruzuku ya Serikali Kuu haimo. Tuseme mapato hayo ni shilingi bilioni 4: fungu ni milioni 400, yaani milioni 160 za wanawake, milioni 160 za vijana na milioni 80 za watu wenye ulemavu. Mgeni akichukua bajeti nzima ya halmashauri na kuigawa kwa kumi, atapata namba ya kutisha, na ndiyo itakayosambaa WhatsApp kabla hujamaliza kipindi. Kadi yenye mfano huu inakaa juu ya zote.

Saa 1:30 asubuhi

Mwalo wa Kibirizi, kuchukua maoni. Mitumbwi ya dagaa imerudi na akina mama wako kwenye biashara, kwa hiyo usimkamate mtu anayepima mzigo, subiri alipwe. Salamu kwanza, kisha eleza ni kipindi gani na kitaruka lini, ndipo uwashe kamera. Tunarekodi watu wanane, tunatumia wanne, sekunde 12 hadi 15 kila mmoja. Upepo wa ziwa huharibu sauti kuliko kelele za injini, hivyo maikrofoni huvishwa kifuniko cha manyoya na msemaji huupa upepo mgongo.

Kumwalika mama wa dagaa studioni kunataka kutazama mwezi. Unapokuwa mpevu, wavuvi wa taa hawatoki, na huo ndio usiku ambao yeye ana nafasi. Giza likirudi, usimtarajie.

Saa 4:00 asubuhi

Simu. Wageni ni watatu: diwani, mama mfanyabiashara mwenye kikundi, na mbunge atakayeunganishwa kutoka Dodoma kwa intaneti. Halmashauri nayo inaandikiwa na kupigiwa, hata kama unajua afisa atasema yuko kikaoni. Kanuni za maudhui ya utangazaji zinataka mada yenye mvutano itendewe haki pande zote. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Ukisema hewani kwamba walitafutwa, uwe na ushahidi.

Wageni wanapewa mada na mipaka yake. Maswali hawapewi. Mwanasiasa aliyepewa maswali huja na hotuba, na hotuba ikishaanza huwezi kuikata bila kuonekana huna adabu.

Saa 7:00 mchana

Ugali na mgebuka, samaki wa ziwani. Tuendelee.

Saa 8:00 mchana

Ratiba ya kipindi. Dakika 60, toa matangazo mara mbili ya dakika tatu, toa dakika moja ya kufungua na moja ya kufunga: zinabaki 52. Tunazikata vipande vya 20, 18 na 14. Kipande kirefu kinatangulia kwa sababu wageni wanahitaji muda wa kupata joto, na cha mwisho kinakuwa kifupi kwa kuwa watu hurudia waliyokwisha sema.

Sauti ya mtangazaji isizidi dakika nane kwa jumla. Swali ni sentensi moja, lenye jambo moja. “Mheshimiwa, wananchi wanalalamika, na wewe kama diwani unasemaje, na je, mna mpango gani?” Hapo kuna maswali mawili, na mgeni atajibu lile jepesi. Uliza: “Kikundi kilichoomba mwaka huu kilisubiri siku ngapi kupata fedha?” Kila swali kubwa lina la kufuatia, likiandikwa nyuma ya kadi: akijibu namba, muulize chanzo, akikwepa, rudia swali kwa maneno yaleyale mara moja tu. Mara ya tatu inakuwa ugomvi, ingawa mitandaoni ndiyo inayopendwa.

Tarehe nazo zinakaguliwa upya. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa kuanzia Julai 2024, na Kigoma-Ujiji ni kati ya halmashauri 10 zilizoteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Lawama nyingi za mtaani bado zinaelekezwa kwa maofisa maendeleo, kana kwamba utaratibu ni uleule.

Saa 11:00 jioni

Majaribio ya mitambo. Kwa mgeni wa Dodoma, sauti inayorudishwa kwake iwe ya studio nzima isipokuwa yake mwenyewe. Akijisikia baada ya sekunde moja na nusu, ataanza kugugumia kisha atanyamaza. Intaneti ikiyumba, zima picha yake na ubaki na sauti ya simu pamoja na picha ya mnato. Mtazamaji huvumilia picha mbovu, sauti mbovu anahama.

Jenereta huwashwa na kuachwa dakika kumi. Umeme ukikatika, betri ya akiba inashikilia mitambo kwa muda mfupi tu, wa kutosha kuliamsha jenereta.

Saa 2:00 usiku

Wageni wanafika. Maikrofoni inabanwa shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na mkunjo wa kitenge, maana vyote hukwaruza. Simu zote nje ya studio, hata zilizo kimya: mlio ule wa “trrr” hutokana na mawimbi. Shati la mistari myembamba hucheza kwenye kamera, kwa hiyo koti moja la rangi ya bluu liko tayari ukutani.

Saa 3:00 usiku

Mubashara. Cheo kinatajwa wakati wa kutambulisha. Baada ya hapo “Diwani” na “Mama” vinatosha, kwani “Mheshimiwa” kumi na tano hula muda. Mwongozaji husema sikioni “dakika mbili”, na hapo unatafuta nukta ya mgeni. Mkono ulioinuliwa kidogo juu ya meza hukata kwa heshima kuliko kupandisha sauti.

Wapiga simu hupokelewa kwanza nje ya hewa: jina, kata, swali. Kisha tunawapigia sisi. Anayekataa kutaja swali hapitishwi, na kila mmoja anaambiwa apunguze sauti ya televisheni yake. Mtu akimtuhumu afisa kwa jina bila ushahidi, mkate hapohapo na useme wazi kwamba tuhuma hiyo haijathibitishwa. Ukingoja matangazo, umeikubali.

Saa 4:10 usiku

Wageni wakiondoka, klipu zinakatwa, dakika moja na nusu kila moja. Kanuni yetu ni kwamba klipu ianze na swali na iishe jibu linapoishia. Namba iliyokosewa hewani inasahihishwa usiku huohuo kwa maandishi juu ya klipu, na kesho kwa mdomo mwanzoni mwa kipindi. Rekodi nzima inanakiliwa kwenye diski mbili ndipo kadi za kamera zifutwe, kisha betri za maikrofoni zinaingia chaji.