Kitabu gani cha bioinfomatiki? Inategemea umetokea wapi

Mimi nimetokea baiolojia, na kitabu changu cha kwanza cha bioinfomatiki, yaani kutumia kompyuta kuchambua data za kibaiolojia, kiliandikwa kwa watu kama mimi: picha za skrini, bonyeza hapa, bonyeza pale. Baada ya miezi miwili niliweza kuendesha BLAST, programu ya kutafuta mifuatano ya DNA au protini inayofanana, lakini ungeniuliza ile thamani ya E (idadi ya mifanano inayotarajiwa kutokea kwa bahati tu) inatoka wapi, ningebaki kimya.

Kilichonifungua macho ni cha Jones na Pevzner cha 2004, kinachotazama mambo kwa jicho la sayansi ya kompyuta. Nilichora jedwali kwa penseli na kujaza kisanduku kimoja kimoja, mara nne, mpaka njia ya Needleman na Wunsch ya 1970 ya kulinganisha mifuatano ikaniingia. Furaha ya siku ile bado ninayo.

Takwimu ndiyo iliyonitesa. Kile cha Durbin na wenzake (1998) ni kigumu, sikufichi. Nilikirudia nilipoanza kushughulikia jenomu (DNA yote) ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ambayo karibu asilimia 80 ni A na T, mbili kati ya herufi nne za DNA. Humo vipande viwili vinaweza kufanana kwa sababu tu herufi zenyewe ni chache, wala si ndugu wa asili moja. Bila hesabu ya uwezekano utadanganyika.

Rafiki yangu wa kompyuta yeye alihitaji kinyume. Nilimwazima kitabu changu cha baiolojia ya molekuli cha mwaka wa kwanza. Alikuwa hajui kwamba introni (vipande vya RNA visivyobeba maelekezo ya protini) hukatwa kabla RNA haijasomwa kutengeneza protini. Bado anacho, na sijamdai.