Dizeli au haibridi ya kuchaji: nilivyochagua gari la familia nikiwa Tanga

Siku ya kawaida gari letu halivuki kilomita 25. Asubuhi linatoka Sahare, linashusha watoto shule Chumbageni, linanifikisha kazini, jioni linapitia Ngamiani kama kuna cha kununua, linarudi kulala. Halafu kuna safari za aina nyingine kabisa: Lushoto kwa wakwe shule zikifungwa, na Dar mara chache, kilomita kama 350 kwenda tu. Gari la zamani lilipochoka nikajikuta natafuta moja la kufaa kote kuwili.

Baada ya kuchambua sana nilibaki na mawili. La kwanza Mazda CX-5 ya dizeli, injini ya lita 2.2. La pili Mitsubishi Outlander PHEV, haibridi ya kuchaji, yaani lina injini ya petroli pamoja na mota za umeme. Haibridi za kawaida tunazoziona mjini hujitengenezea umeme zenyewe zikitembea. Hii ina betri kubwa unayoichomeka ukutani usiku, na betri ikiisha injini ya petroli inapokea kazi.

Baba mkwe alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza. "Mwanangu, mlima wa Soni haupandwi kwa betri." Ndio mlima wa kwenda Lushoto. Yeye ameendesha Land Cruiser za dizeli miaka yote, na kwa gari zile ana haki ya kuringa. Tatizo ni kwamba dizeli ya siku hizi si ile yake.

Hilo nilielezwa na fundi wangu wa Ngamiani, mtu ambaye riziki yake ni hizo hizo dizeli. "Bosi, gari ni zuri mno, ila linataka kukimbia." Dizeli mpya zina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, mafundi wanaliita DPF. Likijaa, kompyuta ya gari inaongeza dizeli ili moshi upate joto kali, zaidi ya nyuzi 600, masizi yaungue yaishe. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo mzuri kama robo saa bila kukatizwa. Sasa mimi ndani ya robo saa nimeshafika na kuzima. Likikatizwa kila mara, chujio linaziba, na sehemu ya ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Ndiyo maana mwenye gari anachomoa kijiti cha kupimia oili anakuta imepanda, anafurahi, kumbe imechanganyika na dizeli.

Nikamuuliza wenzangu wenye safari fupi wanafanyaje. "Wanakuja, tunaling'oa." Akasema kwa wepisi kabisa, kama mtu anayezungumzia kubadilisha taa. Mimi sikupenda. Kununua gari la kisasa halafu niende kulisimamisha mbele ya geti la shule likitoa moshi mweusi kama lori la mkonge, hapana.

Hapo dizeli ilianza kushuka, lakini sikutaka kuamua bila hesabu. Mafuta niliyaweka shilingi 3,000 kwa lita, iwe rahisi kuzidisha. (Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linakuja kuishia kwetu hapa Chongoleani, ila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei kikomo tunatoa macho sawa na watu wa Dodoma.) CX-5 ya dizeli kwa mjini niliikadiria kilomita 11 kwa lita, kwa hiyo siku yangu moja ni kama shilingi 7,000. Umeme wa TANESCO kwa tarifa ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA inafika kama 356. Kuichaji Outlander usiku kunakula kama uniti 7. Hizo ni shilingi 2,500, na zinanitosha kutwa nzima bila injini kuwaka.

Mwenye tarifa ya matumizi madogo asidanganyike na ile bei ya shilingi 100. Inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi ni 350 kila moja kabla ya kodi. Gari litazimaliza hizo 75 ndani ya wiki mbili, na friji bado haijapata chake.

Kwenye barabara kuu mambo yanageuka. Betri ikiisha, Outlander ni gari zito la petroli: nilikadiria kilomita 13 kwa lita, dizeli 16. Kwenda Dar dizeli ingenigharimu shilingi 66,000, Outlander 81,000. Ni kweli ninapigwa, lakini tofauti hiyo ya 15,000 nairudisha kwa siku nne tu za kuzunguka mjini, na mimi Dar siendi kila wiki.

Kodi nayo ilisogeza mizani kidogo. Injini ya CX-5 ni cc 2,188, ya Outlander niliyoitaka ni cc 1,998. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 1,000 lisilozidi 2,000 ni asilimia 5, likizidi hapo ni 10. Nilitafuta la mwaka 2017 kwa sababu lilikuwa halijafika miaka minane. Likifika hapo unaongezewa kodi ya uchakavu. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, kila mtu ajaze mwenyewe kabla ya kumsikiliza wakala.

Kilichobaki kunitia hofu ni betri, na hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Gari hilo lina seli 80 zilizounganishwa kufikia volti 300, kila seli ikiwa mpya ni ampea-saa 40. Zidisha, gawanya kwa elfu, unapata uniti 12, uniti zile zile za LUKU. Japani walitangaza kilomita 60 kwa chaji moja, namba ya maabara hiyo. Betri inachakaa kwa umri na kwa joto, na Tanga joto tunalo la kugawa. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi haziwezi kukuambia betri imebaki na nini. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinasomwa na programu ya simu iitwayo PHEV Watchdog, kinaonyesha ampea-saa zilizobaki. Niliwaandikia wauzaji wa Japani kuomba picha ya usomaji huo. Wengi walinitumia picha nzuri za viti. Mmoja akatuma nilichoomba: 32. Asilimia 80 ya mpya. Nikamlipa huyo.

Kwangu leo chaji moja ni kilomita 25 hadi 30 kutegemea kiyoyozi. Kwa mtu wa kilomita 25 kwa siku, inatosha kwa shida kidogo, nami nilijua hivyo tangu mwanzo.

Gari lilipofika kulikuwa na kazi nyumbani. Waya wa kuchajia uliokuja nalo ni wa umeme wa Japani, volti 200, kwa hiyo nilinunua mwingine wa volti 230 wenye kichwa kinachoingia kwenye gari hilo. Fundi umeme akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, soketi ya nje yenye mfuniko. Tukachomeka. Boksi la kwenye waya wa kuchajia likawasha taa nyekundu, likakataa. Akapima kwa mita, umeme upo, arthi, ile njia ya kupeleka umeme ardhini, haipo. Tukazunguka nyuma ya nyumba tukakuta waya wa arthi umefungwa kwenye kipande cha nondo kilicholiwa na chumvi hadi kinavunjika kwa vidole. Miaka yote tumepasi nguo na kuchemsha maji na nyumba haina arthi! Akapigilia fimbo ya shaba ndefu mpaka kwenye mchanga wenye unyevu, akafunga kibanio kipya, taa ikawa ya kijani. Hata nisingenunua gari, kazi ile ilistahili kufanywa.

Lushoto tumekwenda. Ujanja ni kubonyeza kitufe cha kutunza betri ukishatoka mjini, injini ifanye kazi tambarare hadi Mombo, kisha uachie umeme kwenye kona za kupanda. Lilipanda bila kelele. Wakati wa kushuka unavuta kile kijiti cha nyuma ya usukani hadi B5, ngazi ya mwisho, mota zinashika gari na kurudisha umeme. Breki nilizigusa kwa nadra, na tulipotokea Mombo betri ilikuwa imerudi karibu theluthi. Baba mkwe alikaa kiti cha mbele hadi Soni na kurudi. Alichosema ni, "Mbona halina tairi la akiba?"

Na kweli halina. Linakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo. Nimenunua tairi, nalo linakula nafasi ya mizigo, jambo linalomkera mama watoto tukirudi na matunda na mboga za milimani. Skrini nayo ni ya Kijapani hadi leo. Na jirani aliyetarajia gari liwashe friji lake umeme ukikatika nilimkatisha tamaa: soketi ya ndani inatoa wati 1,500 lakini kwa volti 100, na friji lake ni la volti 230.

Mwenzangu wa kazini anayekwenda Korogwe na kurudi karibu kila siku aliliona akataka kama langu. Nilimwambia achukue dizeli. Kwa barabara ile chujio litajisafisha lenyewe kila asubuhi, na betri yangu ingemwishia kabla hajaiona Muheza.