Kabila lisirudi kwenye dodoso la sensa

Baada ya sensa ya 1967, karani wa sensa nchini kwetu Tanzania hamwulizi tena mtu kabila lake. Hata ile ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ililiacha swali hilo. Wapo wanaotaka lirudi, na hoja yao ni nzito: Wasandawe, kabila dogo la Kwa Mtoro na Farkwa, wamemezwa ndani ya jumla ya Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, na huwezi kujua kama watoto wao wanamaliza shule sawa na wenzao.

Mimi bado napinga. Tazama dodoso linavyojazwa: mkuu wa kaya ndiye anayewajibia wote. Chukua kaya ya Kondoa mjini, baba Mrangi, mama Mgogo, bibi Mburunge, na dada wa kazi kutoka Singida. Kishikwambi cha karani kitataka msimbo mmoja wa kabila kwa kila mtu. Watoto wote watakuwa Warangi, kwa sababu baba kasema. Dada wa kazi ataandikwa Mnyaturu hata kama ni Mnyiramba, maana mwenyewe yuko jikoni na hakuna aliyemwita. Makosa ya namna hii hayasawazishani. Yanaegemea upande mmoja, na wanaopungua kwenye jedwali ni walewale wachache tuliotaka kuwaona.

Kubwa zaidi ni hatari. Jina, mahali nyumba ilipo na kabila vikikaa kwenye faili moja, hiyo ni orodha ya kumtafutia mtu. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa kwa kile kilichoandikwa.

Anayetaka kujua hali ya Wasandawe afanye utafiti wa sampuli. Aulize lugha inayozungumzwa nyumbani, kila mtu mzima ajijibie, aruhusiwe kutaja mbili au kukataa. Sampuli ya mkoa mzima haitoshi, inaweza isiguse kijiji chao hata kimoja, hivyo vijiji vya Chemba viongezewe kaya kwa makusudi, kisha matokeo yapewe uzito unaostahili wakati wa kujumlisha. Majina yafutwe kabla ya uchambuzi. Na namba ndogo za ngazi ya kijiji zisichapishwe: ukiandika kwamba kijiji fulani kina kaya 3 zinazozungumza lugha fulani, majirani wanajua tayari ni za kina nani.