Ukiachishwa kazi Texas, omba wiki hiyohiyo

Malipo ya kukosa kazi Texas huanza kuhesabiwa Jumapili ya wiki uliyojaza maombi, si siku uliyoachishwa. Ukikaa wiki tatu nyumbani ukingoja bosi akuite tena, wiki hizo kwa kawaida zimekwenda. Jaza kwanza, maswali yafuate.

Wala usione haya. Hii ni bima, na kodi yake hulipwa na mwajiri. Kwenye mshahara wako haikatwi hata senti. Inasimamiwa na Texas Workforce Commission, yaani TWC. Si lazima uwe raia, mradi una kibali halali cha kufanya kazi.

TWC hutazama mishahara yako ya mwaka mmoja, lakini si miezi 12 iliyopita. Huchukua robo tano za mwaka (kila robo ni miezi mitatu) zilizokwisha kamilika, kisha huiacha ile ya karibuni na kuhesabu nne za mwanzo. Aliyeomba Agosti 2025 alihesabiwa Aprili 2024 hadi Machi 2025. Lazima uwe na mshahara katika robo mbili au zaidi. Robo yenye mapato makubwa hugawanywa kwa 25, na jibu ndilo malipo yako ya wiki, kukiwa na kima cha juu kilichowekwa na jimbo. Robo yako bora ikiwa dola 10,000, wiki ni dola 400. Jumla ya robo nne nayo lazima ifike mara 37 ya kiasi hicho, yaani dola 14,800. Ukiwa ulipata dola 30,000 kwa robo zote nne, fungu lako lote ni asilimia 27 yake, dola 8,100, kama wiki 20 hivi. Hakuna anayelipwa zaidi ya mara 26 ya malipo ya wiki.

TWC ikikutumia taarifa ya mishahara, isome mstari kwa mstari. Majina yetu hugeuzwa mbele nyuma makazini, au namba ya Social Security ikakosewa tarakimu moja, na robo nzima ikapotea. Peleka karatasi za mshahara au W-2, ile fomu ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri, wakaisahihishe. Madereva wa malori wanaolipwa kwa fomu ya 1099, yaani kama wakandarasi wa kujitegemea, huwa hawaonekani humo kabisa. Kama kampuni ndiyo inayokupangia kila kitu, omba TWC ichunguze kama kweli wewe si mwajiriwa.

Sababu ya kuondoka ndiyo inayoangusha wengi. Kupunguzwa kwa sababu kazi zimekwisha, unastahili. Kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hapana. Ila kushindwa kufikia kasi ya ghala huku ukijitahidi si utovu wa nidhamu, kwa hiyo usiandike tu “nilifukuzwa” ukaishia hapo. Eleza kilichotokea. Ukiacha mwenyewe, kwa kawaida ni lazima uthibitishe sababu nzito inayohusu kazi yenyewe. Kwa wanaopelekwa kazini na wakala, tahadhari: kazi ya muda ikiisha, wasiliana na wakala mara moja kuomba nyingine, na uhifadhi ushahidi wa simu au ujumbe. Usipofanya hivyo, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeacha kazi kwa hiari.

Unapojaza, uwe na jina kamili la mwajiri wa mwisho, anwani na simu yake, tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kazi, na namba ya uhamiaji kama si raia. Kama uliajiriwa kupitia wakala, mwajiri ni wakala, si ghala ulilofanyia kazi.

Baada ya hapo, jisajili WorkInTexas.com, tovuti ya jimbo ya kutafutia kazi, ndani ya siku tatu za kazi, na kila baada ya wiki mbili uombe malipo siku uliyopangiwa. Wiki ya kwanza ni ya kusubiri, hailipwi mwanzoni. Andika kila ulikotafuta kazi: tarehe, kampuni, ulimwona nani. Barua yako kutoka TWC itataja idadi inayotakiwa kwa wiki. Ukipata kibarua, taja mapato kabla ya makato, katika wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa. Mwenye malipo ya dola 400 kwa wiki huruhusiwa kupata dola 100 bila kupunguziwa; akipata 160, atalipwa 340. Kuficha hurudi kama deni lenye faini.

Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama uliifungua wiki iliyofuata. Kwa hiyo barua ya Kiingereza usiyoielewa isilale mezani. Rufaa husikilizwa kwa simu. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, ni bure, na usimtumie mwanao. Wakati wote huo endelea kuomba malipo kila wiki mbili. Ukishinda rufaa bila kuwa umeziomba, wiki ulizoruka zinaweza zisilipwe.