Barua ya Viatu

Oktoba 2008 nilipokea bahasha mbili kwa mpigo, moja ndani ya nyingine. Ya nje ilikuwa nyeupe, mpya, imetumwa jana yake na mama mmoja wa Kiswisi niliyewahi kukaa naye jengo moja hapa Bern. Ya ndani ilikuwa na mistari ya bluu na nyekundu pembezoni, imekwajuka, na muhuri wake ulisomeka LUSHOTO, Machi 1999. Mwandiko niliujua kabla sijalisoma jina. Ulikuwa wa mdogo wangu.

Yule mama alinieleza kwa mistari mitatu tu. Mafundi walikuwa wanakarabati jengo, wakang'oa safu ya masanduku ya barua pale mlangoni, na bahasha ikadondoka kutoka kati ya bati na ukuta. Jina langu alilikumbuka, anwani yangu mpya akaiulizia kwa watu, akanitumia.

Wenzangu mliopo nyumbani pengine itabidi niwafafanulie. Kwetu barua inakwenda S.L.P., tena mara nyingi ni sanduku la shule au la kanisa, na watu hamsini wanalitumia. Huku mtu wa posta anakuja mpaka mlangoni, lakini anachofuata ni jina lililoandikwa kwenye sanduku. Jina lisipokuwepo, huna barua, hata kama unaishi humo na taa yako inawaka. Mwaka 1999 nilikuwa nimepanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu. Jina langu niliandika kwenye kikaratasi, nikakibandika kwa selotepu chini ya jina la mwenye nyumba, na selotepu haina maisha. Pale jengoni barua isiyo na mwenyewe tulikuwa tunaiweka juu ya masanduku ili anayeitambua aichukue. Naamini ndivyo ilivyokuwa, kisha ikateleza nyuma. Barua iliyoteremka milima ya Usambara mpaka Mombo, ikafika Dar es Salaam, ikapanda ndege na kuvuka bahari, ikaja kukwama chini ya ngazi zangu.

Nilikaa kitandani nikaifungua kwa kisu cha jikoni, polepole, kwa sababu gundi ilikuwa imeshikana na karatasi ya ndani. Zilikuwa kurasa mbili zilizochanwa kwenye kaunta buku.

"Mpendwa Dada, salamu nyingi kama mchanga wa pwani zikufikie popote ulipo. Baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii..."

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ile anayajua maneno haya kwa moyo. Tulifundishwa barua ya kirafiki darasani, anwani juu upande wa kulia, tukapewa na alama. Sikuwahi kudhani yataniliza.

Dhumuni lilikuwa hili: amepata mchumba. Wazazi wetu walikwisha kutangulia, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo hawezi kupeleka posa bila neno langu. "Ukisema ndiyo, Dada, nitawatuma wazee. Ukisema nisubiri, nitasubiri." Kisha akaomba kitu kimoja tu kutoka Ulaya, viatu vyeupe vya bibi harusi.

Ukurasa wa pili haukuwa na maneno mengi. Ulikuwa na mguu. Alikuwa amemsimamisha mchumba wake juu ya karatasi akauzungushia kalamu ya bluu, na kalamu ilikuwa imetetemeka kidogo pale kwenye kidole gumba. Kisiginoni lilibaki doa la udongo mwekundu wa kwetu. Katikati ya mchoro aliandika: "Mguu wa kulia. Namba 39 au 40. Kisigino kisiwe kirefu, kanisani kuna ngazi."

Sasa nirudi mwaka ule wa 1999. Novemba, shangazi aliniandikia kwamba harusi imefanyika Agosti, imependeza, watu wamekula wakasaza. Niliisoma barua yake mara mbili. Mtoto niliyembeba mgongoni ameoa, na mimi napewa habari kama mgeni. Nililia, kisha nikakaza moyo. Zawadi nikaipitisha kwa shangazi, na mdogo wangu sikumwandikia hata mstari.

Naye kule alikuwa amengoja miezi minne. Kila Ijumaa alikwenda shuleni, kwenye sanduku tulilolitumia ukoo mzima, na kila Ijumaa mwalimu mkuu alimwambia hakuna kitu. Mwishowe wazee wakamwambia, dada yako amekwisha kuwa Mzungu, endelea na mambo yako. Simu za mkononi zilipofika tukawa tunapigiana kila Krismasi. Mvua zimenyesha? Zimenyesha. Watoto hawajambo? Hawajambo. Miaka tisa ya salama salama. Kila mmoja alikuwa na donda lake, na kila mmoja aliamini mwenzake analijua ila hajali.

Usiku uleule nilimpigia.

"Barua yako imefika."

"Barua gani, Dada? Mimi sijaandika barua siku nyingi."

"Ya viatu."

Akanyamaza. Nikasikia mlango unafungwa, ametoka nje.

"Ya mwaka tisini na tisa?"

"Ndiyo. Nimeipata leo."

"Kumbe hukukataa."

"Na wewe kumbe hukunificha."

Aliyeanza kulia ni yeye.

Katika mji huu ninaoishi ndipo yalipo makao makuu ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa hapahapa Bern tarehe 9 Oktoba 1874. Karibu na stesheni ya treni, kwenye bustani ya Kleine Schanze, kuna sanamu yake ya mwaka 1909: wanawake watano, mmoja kwa kila bara, wanaelea kuizunguka dunia huku wakipokezana barua. Nilipita hapo miaka na miaka nikikimbilia zamu ya asubuhi. Baada ya barua ya viatu nilianza kusimama, nikimtazama yule aliyewekwa kwa niaba ya Afrika. Katika mkataba wa umoja huo kuna kanuni kwamba barua ni mali ya aliyeituma mpaka imfikie aliyeandikiwa, isipokuwa kama imekamatwa kwa mujibu wa sheria ya nchi ilikotoka au inakokwenda. Niliposoma hayo nilitulia. Kwa miaka tisa ule mguu ulikuwa bado mali ya mdogo wangu, umesimama ndani ya ukuta wa Bern unaningoja.

Tangu hapo habari za barua zilizochelewa hazinipiti. Agosti 2012 kwenye barafu ya Mont Blanc, upande wa Ufaransa, ulipatikana mfuko wa barua za kibalozi za India. Ulitoka kwenye ndege ya Air India iliyoanguka pale tarehe 24 Januari 1966 ikielekea Geneva. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya miaka 46 iliyopita. Wenzangu kazini walistaajabu kwamba yalikuwa bado yanasomeka. Mimi niliwawaza watu waliokuwa wakingoja.

Ndugu yangu uliye ughaibuni, nakusihi, nenda leo kaangalie sanduku lako. Jina lako lipo? Ni lile lile wanalokuandikia nyumbani, au umeolewa ukabadilisha na hujawaambia? Usibandike kikaratasi, weka kibao. Na aliye nyumbani akituma jambo zito, aitume kwa rejista, atunze na risiti, maana barua ya kawaida ikipotea hakuna pa kuanzia kuiulizia.

Desemba ile ile ya 2008 nilikwenda nyumbani. Kabla ya safari niliingia na karatasi yangu katika duka la viatu. Muuzaji aliilaza sakafuni, akapima kwa rula yake, akaleta namba 39, vyeupe, kisigino kifupi. Hakuniuliza kitu, na mimi nilishukuru.

Lushoto kulikuwa na ukungu. Wifi aliifungua boksi barazani, akavitazama viatu bila kusema, kisha akaniomba ile karatasi. Akavua ndala, akaiweka juu ya sementi, akakanyaga palepale alipokanyaga akiwa mchumba. Alikwisha kuzaa watoto watatu. Vidole vilipita mstari kwa upana wa kidole kimoja.

"Tulia hapo hapo," mdogo wangu akamwambia. Akaingia ndani, akarudi na kalamu, akapiga magoti.

Karatasi ninayo mpaka sasa. Mstari wa ndani ni wa bluu, umefifia. Wa nje ni mweusi, na umetetemeka kidogo palepale kwenye kidole gumba.