Mradi wa HZJ75: ekseli ya mbele imefunguliwa

Kwa aliyeingia leo: gari ni Land Cruiser HZJ75 pikapu ya 1996, springi za bapa mbele na nyuma, injini 1HZ ya silinda sita, cc 4164, isiyo na turbo wala kompyuta. Safari hii injini sikuigusa. Kazi yote ilikuwa nako za mbele, yaani pale kwenye tufe la chuma ambalo gurudumu hulizunguka likikata kona.

Dalili zilikuwa mbili. Ndani ya rimu ya kushoto kulikuwa na tope jeusi la mafuta na vumbi. Halafu nikifika kilomita 70 kwa saa kwenye barabara ya Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, ile yenye mawimbi, usukani unaanza kucheza mpaka nipunguze mwendo. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha shokapu ya usukani. Inapunguza mtikisiko, lakini ugonjwa unabaki palepale.

Tulianza na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukishatoa nati sita, zile koni zake ndogo hazitoki kwa kubembeleza. Gonga kwa nyundo ya shaba mpaka ziruke. Nati kubwa za beringi zinataka soketi ya milimita 54, na hapa nina ugomvi na mafundi wanaozifungua kwa tindo. Zangu zilikuwa na makovu pande zote, ushahidi wa gereji zilizopita. Soketi nilichongesha kwa mchomeleaji wa Unga Limited, hapa Arusha, na sasa inaazimwa mtaa mzima.

Fundi alipochomoa spindo, ule mhimili ambao habu huzungukia, kilichomwagikia kwenye karai hakikuwa grisi.

"Mzee, hii supu," akasema.

Ni oili ya difu, yaani ya zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Sili ya ndani ya shafti, ile raba ya kuzuia oili, ikichoka, oili inapita na kuingia kwenye tufe, inaiyeyusha grisi, kisha mchanganyiko huo unajipenyeza nje kupitia raba ya nyuma ya nako. Kwa hiyo ukiona tope kwenye rimu, pima oili ya difu siku hiyohiyo, maana huko ndiko inakotoka.

Kilichoua sili, nadhani, ni bomba la kupumulia la ekseli. Lilikuwa limezibwa na vumbi lililoganda. Difu ikipata moto hewa inatanuka, na isipopata njia inasukuma oili kwenye sili. Ukiingia mtoni difu ikiwa bado ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kunyonya maji ndani. Sasa nimeunga mpira mrefu hadi juu karibu na betri. Ni kazi ndogo na ya bei rahisi kuliko zote nilizofanya.

Mtikisiko ulikuwa na asili nyingine. Beringi za nako, juu na chini, zilikuwa zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake. Hilo hutokea kwa gari linalokwenda moja kwa moja miaka mingi: roli zinagonga mahali palepale. Tumeweka mpya zote nne. Angalizo kwa atakayejaribu: shimu (vile vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi) za juu na za chini zisichanganyike. Ndizo zinazoweka nako katikati ya tufe, na ukizibadilishana sili mpya italiwa upande mmoja. Ukazaji wa beringi hizo tulipima kwa mzani wa springi, ule wa kupimia samaki.

Birfield ya kulia, yaani kiungo cha shafti kinachopinda gurudumu likikata kona, ilikuwa na mikwaruzo, ila haijaanza kutoa mlio kwenye kona. Tumezihamisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, ili mipira ya chuma ifanye kazi kwenye upande ambao haujalika. Ndani ya tufe tumejaza grisi ya molybdenum mpaka robo tatu. Beringi za magurudumu zina grisi yake ya kawaida. Sili nimenunua za kampuni. Za bei nusu zipo kila duka, lakini kufungua tena kazi hii nzima kwa ajili ya kipande cha mpira sioni faida.

Jambo moja ambalo wenye gari hizi hulisahau: habu zikikaa wazi miezi yote, yaani bila kufungwa kwa four-wheel, vitu vya ndani havizunguki, na grisi haisambai. Toyota wenyewe wanashauri angalau kilomita 16 za four-wheel kila mwezi. Nafanya hivyo kwenye vumbi tu. Kwenye lami nikikata kona gia zinabana.

Breki za mbele zilikuwa nzima, nimesafisha tu.

Nimelijaribu hadi Engaruka. Usukani umetulia hata kwenye mawimbi, na rimu ya kushoto ni kavu. Kinachofuata ni mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaoendesha valvu. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa yake ya T-BELT, lakini mwenye gari wa zamani aliichomoa balbu. Kwa hiyo sijui mkanda umetembea kiasi gani, na odometa nayo siiamini. Mkanda na tenshena ninavyo tayari; nasubiri pampu ya maji ifike, na hadi hapo gari halitoki mjini.